Vigingi vya Jumamosi Kuu

Kigangoni, Mwamkulu,
S.L.P. Mpanda.
Jumatano, 14 Aprili 1999.

Mdogo wangu mpenzi Gelasius,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na shemeji Generosa katika afya njema, na kwamba goti lako la kulia limetulia tangu ulipoanza kutumia dawa ile uliyoniandikia. Sisi huku tu wazima wa mwili. Macho yangu yamepungua nguvu, kwa hiyo utanisamehe mistari ikipanda na kushuka. Nimeanza kuandika tangu asubuhi, na nitakwenda polepole, kwa kuwa yapo mambo ambayo sharti yafike kwako kwa mpangilio wake.

Barua yako ya mwezi wa pili niliipokea. Nimesoma kwamba mwezi wa sita unastaafu katika karakana ya reli, na kwamba umekwisha kununua mabati arobaini. Umesema shemeji amechagua hata mahali pa bustani, kando ya bwawa la Itunya, hatua chache kutoka kwenye jiwe la Baba, ili awe anachota maji bila kutoka uani kwake. Ukaniuliza tena swali unaloniuliza kila mwaka: vigingi vimesimamaje? Nakusihi, mdogo wangu, usipakie mabati hayo kwenye behewa kabla hujaimaliza barua hii.

Wewe unaijua desturi yetu, lakini niruhusu niirudie, maana hadithi yote imesimama juu yake. Baba alipowekwa kuwa katekista wa kigango hiki, mwaka 1958, aliteremka Itunya adhuhuri ya Jumamosi Kuu kuchota maji ya ubatizo ya Mkesha wa Pasaka. Alipokwisha kuchota, alipigilia kigingi cha mninga pale maji yalipoishia, kando ya lile jiwe kubwa, na juu yake alikuwa ameuchoma mwaka kwa chuma cha moto. Akafanya hivyo miaka ishirini na mmoja. Alipofariki nikaendelea mimi. Vigingi vyake vyote vilikaa karibu karibu kama watoto waliopanga foleni ya kipaimara, kwa sababu mvua zikielekea kwisha, Itunya hujaa mpaka jiweni. Wewe mwenyewe ulizoea kuvihesabu kwa kuvigusa kimoja kimoja, na Mama alikuita mkaguzi.

Ulikuja mara ya mwisho mwaka 1987. Mwaka uliofuata wakulima wa juu ya mto unaoliletea bwawa maji walichimba mifereji ya kwanza kupeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Siwalaumu. Wengi wao walikuja kutoka Burundi wakiwa na jembe na watoto tu, na hapa walipata ardhi ya kuwaweka hai. Pasaka ya 1989 niliyakuta maji yamerudi nyuma hatua tatu kutoka jiweni. Mwaka uliofuata, hatua saba. Nilipanda kigingi pale nilipoyakuta, nikaandika kwenye daftari la kigango kwamba mvua zilichelewa. Mwaka 1991 halmashauri ya kigango, mwenyekiti akiwa Pontien, ilikata shauri kwamba na sisi tulime mpunga ili tuezeke kanisa kwa bati, maana nyasi zilikuwa zinavuja mpaka juu ya altare. Tukachimba mfereji wetu. Ulikuwa mpana kuliko yote, na watu waliuita Mfereji wa Kanisa. Niliubariki kwa mkono wangu.

Baada ya hapo maji yaliondoka kama mtu anayeaga kwa adabu, kila mwaka akisogea mlangoni kidogo. Kumi na mbili. Kumi na sita. Ishirini na moja. Pasaka ya 1994 nilihesabu hatua thelathini na nne juu ya tope lililopasuka, nikiwa na ndoo mkononi na kanzu nimeipandisha magotini. Akina mama waliokuwa wanafua walinitania kwamba nikiendelea hivyo nitafika Ufipa. Nilicheka pamoja nao.

Ng'ambo ya bwawa alikuwa amekaa Msukuma mmoja, Maduhu, yeye na mkewe Nyanzala na ng'ombe wao. Hakuwa Mkristo, lakini kila Pasaka alituletea maziwa. Mwezi wa nane mwaka ule Maduhu alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushitaki kwamba mifereji inaliua bwawa. Pontien wa kigango, aliyekuwepo pale, akamjibu mbele ya watu kwamba mpunga haukanyagi maji; wanaokanyaga ni wenye kwato, na kama Maduhu anataka bwawa lipone awafundishe ng'ombe wake kuvua viatu. Watu wakacheka sana. Maduhu alingoja wamalize, kisha akasema yeye hana ushahidi wa maneno, ila upo ushahidi wa miti: waende wakavitazame vigingi vya mwalimu. Ndivyo alivyoniita daima, mwalimu.

Basi akaitwa bwana mmoja mtaalamu wa maji, akaja mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi. Itunya wakati huo wa kiangazi hushuka kila mwaka, kwa hiyo maji yenyewe yasingeweza kumwambia lolote. Alihitaji kujua yanapofika mvua zikiisha, na hilo lilijulikana kwa vigingi peke yake. Kijiji kizima kiliteremka pamoja naye. Akainama, akasoma miaka iliyochomwa, na akakuta vyote, tangu vya Baba mpaka cha mwaka ule, vimesimama karibu na jiwe. Akaniuliza kwa heshima kama hivyo ndivyo nilivyovipanda. Nikamjibu, "Ndivyo."

Maduhu alinitazama.

Mtaalamu akaandika kwamba bwawa hujaa kila mwaka pale pale, na kwamba kushuka kwake ni kwa sababu ya jua na mifugo. Mkutano wa kijiji ukaamua Maduhu aondoke. Wiki ile ile walipita mbele ya kanisa, ng'ombe wakitangulia, Nyanzala akiwa na vibuyu vya maziwa kichwani. Alinisalimu kwa kupiga goti kama alivyozoea. Mwezi wa kumi na moja tukamaliza kuezeka. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati, watu waliimba kwa sauti kubwa kuishinda. Mimi niliongoza wimbo.

Tangu hapo, kila uliponiuliza, nilikujibu kwamba vigingi vipo pale pale. Niliendelea kupanda kimoja kila Pasaka karibu na jiwe, hata maji yalipokuwa mbali kiasi kwamba nilirudi kanisani ndoo ikiwa nusu kwa kumwagika njiani. Waliokuwa wananiona walidhani nimeacha kupima, na kwamba sasa ninavipanda kwa ukumbusho wa Baba tu.

Mwaka jana, baada ya mvua zile za El Nino, Itunya ilifurika. Jumamosi Kuu maji yalikuwa yamelipita jiwe. Wazee walilia. Mimi nilipanda kigingi cha 1998 mahali pake pa haki, nikawaza kwamba Mwenyezi Mungu ameisahihisha kazi yangu na hakuna haja ya kusema tena. Lakini mifereji ilikuwa imeongezeka. Mwezi wa tisa kulibaki dimbwi la tope, kambare wamelala ubavu wakifungua na kufunga midomo, na kiboko jike mmoja amezama mpaka mabegani. Hakuweza kutoka, na hakuna mtu aliyeweza kumsogelea. Kwa siku tatu watu walikuja kumtazama, wengine wamebeba visu na mabeseni wakisubiri. Siku ya nne alikufa. Nilisimama pale nikiwa na rozari mkononi, nikajichunguza kama ninavyowafundisha watoto kujichunguza kabla ya kitubio, nikakuta hakuna kitu. Sikuhuzunika. Sikuogopa. Nilikuwa kama mkono ulioulalia usiku kucha: unauona ni wako, unaugusa, haukujibu. Bado niko hivyo, Gelasius, hata ninapokuandikia.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Ijumaa ile ya mwaka 1994, kesho yake mtaalamu akitarajiwa, saa nane mchana, watu wengi wakiwa wamekwenda sokoni Majengo, niliteremka Itunya na jembe. Niling'oa vigingi sita, tangu cha 1989 mpaka cha 1994. Nikavipanda upya kando ya vile vya Baba. Nikavimwagia maji ili udongo ushikane, nikakanyaga kwa kisigino, nikatandaza nyasi kavu. Mashimo yaliyobaki kule topeni niliyafukia. Haikunichukua saa nzima. Kisha nilirudi nyumbani, nikanawa, nikaandaa somo la Jumapili. Mabati yalikuwa yamefika nusu ya kanisa. Nilijiambia kwamba nyumba ya Mungu haiwezi kubaki nusu, na kwamba mchungaji wa ng'ombe hupata maji popote aendapo. Hakuna aliyenituma. Pontien hakujua. Watu waliniamini, hata waliokuwa wameviona kule topeni, kwa sababu Baba hakupata kusema uongo, nami niliutumia ukweli wa Baba kufunika uongo wangu.

Kwaresima hii nilikwenda parokiani, nikaungama. Paroko akaniambia kwamba dhambi imeondolewa, lakini vile vigingi bado vinasema uongo. Nikamwambia sisikii majuto yoyote. Akasema hakuniuliza ninasikia nini. Aliniagiza nikavirudishe, na nianze kwa Maduhu.

Nilipanda lori kwenda upande wa Usevya, ambako niliambiwa Maduhu anakaa. Nilimkuta amebakiwa na ng'ombe kumi na mmoja. Nyanzala alinipa kiti na maziwa ya mgando, na nilikunywa kwanza, maana nilijua nikishasema sitaweza tena kunywa. Kisha nikasema yote. Maduhu alikuwa anasuka kamba, na hakuiacha.

"Mwalimu, mimi nilijua siku ile ile," aliniambia. "Ng'ombe wangu walikuwa wanajikuna kwenye miti yako. Kila mmoja na mti wake."

Nilimuuliza kwa nini hakusema mbele ya watu. Akaniuliza na yeye kama ningekuwa mimi miongoni mwa wale watu, ningemsadiki nani. Nyanzala akachukua kibuyu akaenda zizini.

Nilimweleza kwamba nataka kuvirudisha, lakini miaka imepita, na tope lote linafanana, sikumbuki tena kila kimoja kilikuwa wapi. Maduhu akamaliza kusuka kamba yake, akaikunja. Akauliza tu Jumamosi hiyo Kuu yetu ni tarehe ngapi.

Alikuja, mdogo wangu. Alikuja kwa baiskeli, siku mbili njiani. Mchana wa Jumamosi Kuu niliwaita waumini wote Itunya, nikasimama kwenye jiwe la Baba, nikawaambia kama nilivyokwisha kukuambia wewe. Pontien alivua kofia yake. Kisha Maduhu akateremka kwenye udongo mkavu, akawa anatembea taratibu akitazama chini. Kila alipofika mahali alichomeka fimbo yake na kusema hapa alikuwa anajikuna yule mwekundu, hapa yule mwenye pembe moja, hapa mama yao. Nami nilichimba, nikapanda. Vigingi sita; vile vitatu vya uongo vilivyofuata, vya 1995 mpaka 1997, nilikuwa nimeving'oa. Cha mwisho kilisimama mbali sana hata binti wa Pontien, Séverine, aliyekuwa amembeba kichanga chake cha kubatizwa, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli maji yalikuwa yamekwisha kurudi nyuma mpaka kule tangu wakati ule. Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi tungeweza kuyazuia. Nikamwambia ndiyo.

Maji ya ubatizo yaliletwa kwa baiskeli kutoka kwenye pampu ya Majengo. Mtoto amebatizwa Spès, yaani Tumaini. Ufunguo wa kanisa nimemkabidhi Pontien. Yeye ameitisha mkutano baada ya mavuno, na amesema atasimama mwenyewe kuomba Mfereji wa Kanisa ufukiwe kwanza, kabla ya kumwambia jirani yeyote afukie wake. Sijui kama watakubali. Maduhu alilala kwetu, akaondoka Jumapili asubuhi. Sikumsikia akisema amenisamehe, wala sikumuuliza.

Kwa hiyo, Gelasius, kando ya jiwe la Baba hakuna maji. Kuna udongo uliopasuka na mifupa ya kiboko. Shemeji Generosa akichagua bustani pale, atachota vumbi. Kwa miaka minne nilikuandikia uongo kila Pasaka, na wewe ukajenga uzee wako juu yake, ukanunua na mabati. Hili ni kosa langu kwako, mbali na lile la Maduhu, na kila moja naliweka mahali pake.

Sikuambii usije. Nakuambia ukija usije na mabati. Njoo na jembe, kwa sababu mfereji ule ni mrefu na mimi na Pontien tumezeeka. Ukiamua kubaki huko Morogoro, nitaelewa, na hutahitaji kunieleza sababu.

Kigingi cha mwaka huu nilikichonga na kukichoma tangu wiki ya Matawi. Maduhu aliponiuliza kinapandwa wapi, nilitembea nacho mpaka katikati, mpaka pale ambapo zamani wewe na mimi tulikatazwa kuogelea, nikakuta hakuna ukingo wa kukipigilia. Nikarudi nacho. Kipo hapa mezani, kimezuia karatasi hii isipeperuke.

Msalimu sana shemeji Generosa, uniombee uvumilivu wake. Wasalimu watoto na wajukuu, na wale wazee wa karakana wanaonikumbuka. Mbuzi uliyetuachia ana kizazi kikubwa, nao wanakusalimu kwa namna yao. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Ni mimi kaka yako,

Salvatori,
aliyekuwa katekista.