Chuya Ishirini na Moja

Mama yangu,

Shikamoo. Na kamwene pia, maana najua hiyo ya kwenu Iringa ndiyo inayokuingia moyoni, hata kama umezeekea Rujewa. Kifua kinaendeleaje? Nadhani siku hizi kimepata nafuu kwa kuwa hakivuti tena vumbi la pumba, na sababu ya hiyo nafuu ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Mimi ni mzima wa mwili. Huku Shenzhen mvua inanyesha tu, nakula, nalala. Ningepiga simu, lakini ungeanza kunipa pole na mimi ningekata.

Mdogo wangu Eda amenieleza yote. Kabla sijasema lolote kuhusu hayo, acha nikwambie kazi yangu ni nini, maana ukiulizwa kanisani unajibu kwamba natengeneza kompyuta, na watu wanasema amina.

Kampuni yetu inatengeneza roboti ya kuchambua mchele, kwa ajili ya vinu vidogo kama hicho chenu. Mchele unateremka kwenye mfereji, kamera inautazama, na chuya iliyobaki na ganda lake au kijiwe kikionekana, pumzi ya upepo inakirusha pembeni. Mimi nilipewa kazi ya kuchagua hiyo kamera. Walinipa kwa sababu nilianzia kwenye meza ya kutengeneza simu pale Mwanjelwa, na kamera ndogo nimezibandua na kuzibandika mpaka vidole vikazizoea. Zilikuwa tatu mezani, hakuna iliyozidi kifungo cha shati. Ya kwanza ilikuwa na picha kali kuliko zote, ila inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo punje inayoanguka inatoka imepinda. Ya pili rangi zake safi, lakini ikifanya kazi saa nzima inapata moto na picha inajaa chengachenga. Ya tatu haijui rangi kabisa, nyeusi na nyeupe tu, ila inanasa kila kitu kwa mpigo mmoja. Wenzangu waliicheka. Wazee wanasema mtu hula chuya kwa uvivu wa kuchagua, na mimi sikuwa mvivu, nilikaa na hizo kamera wiki tatu.

Halafu nikakukumbuka na ungo wako. Hukuwahi kuitafuta chuya kwa rangi. Ulikuwa unakaa jua la asubuhi likiwa ubavuni, unainamisha ungo, unatafuta kivuli. Basi nikatandika kitambaa cheusi, nikahamisha taa kutoka juu nikaiweka ubavuni, na ile kamera isiyojua rangi ikaona mpaka punje iliyopasuka. Ndivyo nilivyoichagua. Ulichonifundisha nikiwa na miaka sita ndicho nilichoifundisha mashine ya kukutoa kazini.

Ikabaki kuithibitisha. Bi Mei, msimamizi wetu, alitaka mchele uliochambuliwa na mkono wa mtu hodari, alinganishe mkono na mashine. Nikajitia kimbelembele. Nikasema mkono hodari kuliko yote uko Rujewa, tena kwenye kinu kilekile kilichoulizia roboti. Nikakupigia unitumie kilo mbili na sikukwambia ni za nini. Niliogopa ukijua ungekesha unazichambua mara tatu. Ukampa yule mama wa vitenge anayekuja kununua mzigo huku, ukidhani mwanao ana hamu ya wali wa nyumbani.

Kamera ilitoa chuya ishirini na moja kwenye mchele wako. Bi Mei alizipanga kwa kibano kwenye kisahani, mojamoja. Kwenye kilo mbili nyingine, ilizochambua mashine yenyewe, zilikuwa zimebaki chuya mbili tu. Kijana mmoja akasema huyo mama apelekwe kwa daktari wa macho, chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka, Mama. Nilicheka kidogo, lakini nilicheka. Ripoti ikaandikwa ukurasa mmoja, jina lako likiwa pale kwa sababu mimi ndiye niliyeliandika kwenye mfuko kwa majivuno, na ikatumwa kwa tajiri wako, mwenye kinu.

Sasa ya Eda. Anasema tajiri aliisoma uwanjani, kwenye turubai la kuanikia, wanawake wote wakiwa wameshika nyungo. "Mama Lusungu, kumbe miaka yote hii wateja wangu wanatafuna chuya zako?" Anasema walioanza kucheka ni wale uliowafundisha kushika ungo. Tajiri akaongeza, "Macho yamekwisha, mama. Kapumzike tu, sasa mwanao ametuletea macho mapya." Ukaweka ungo chini, ukakung'uta kanga, ukaondoka. Njiani Eda akakuuliza, "Sasa mama, si ungewaambia tu zile chuya uliziweka mwenyewe?" Ukamjibu, "Nikisema hivyo, wataona mashine ya mwanangu haijanishinda kitu. Wacha waseme macho."

Kwetu anayesafiri hapewi mchele mtupu. Bibi alikuwa akisema mchele ukishakobolewa hauoti tena, kwa hiyo mtu wa mbali unamchanganyia chuya chache, abebe kitu chenye uhai kitakachomvuta kurudi. Ulinifanyia hivyo nilipokwenda bweni Mbeya, ukanifanyia nilipopanda ndege. Haya yote yalinirudia Eda alipokuwa analia kwenye simu. Kesho yake nilimfuata Bi Mei nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, ana adabu.

"Kamera iliona chuya ishirini na moja," akasema. "Zilikuwemo au hazikuwemo?"

"Zilikuwemo."

"Basi kamera haijakosea."

Nilirudi mezani kwangu.

Mama, nimefika hapa kalamu imekataa kuendelea, kwa sababu hapo juu nimekudanganya. Sikukumbuka Eda alipopiga. Nilikumbuka siku ileile ya jaribio, chuya ya tano ilipowekwa kwenye kisahani. Chuya inayoponyoka mkononi huwa nyembamba, inajificha kati ya punje. Zako zote zilikuwa nene, zimeshiba, zinalingana. Ulikuwa umezichagua. Nilijua pale pale kwamba hukuzisahau, umeniwekea mimi. Lakini jaribio likifutwa, kamera yangu ingerudishwa mezani na wenzangu walioitaka ile ya kwanza walikuwa wanasubiri tu, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikanyamaza. Chini ya ripoti kuna sahihi mbili, moja ya Bi Mei na nyingine yangu. Kwake nilikwenda kueleza ukweli, ndiyo, ila mkataba mpya ulikuwa tayari kabatini kwangu.

Naona aibu. Nimeliandika neno hilo mara nne nikilifuta, kwa sababu linaonekana dogo. Ulikubali kuitwa kipofu mbele ya watu ili mashine yangu isiaibike, nami nilikuwa nimeshakuuza kwa mashine hiyohiyo.

Nisalimie shangazi yangu wa Ipogolo, yule anayeuza vitunguu barabarani, mwambie shuka alilonitumia nimelipata. Msalimie kaka mkubwa na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Eda mpe pole kwa kilio chake. Yeye ndiye mtoto uliyemzaa. Mchungaji naye msalimie, ila usimwombe aniombee bila kumwambia ni kwa ajili ya nini.

Barua hii asikusomee mtu. Jisomee mwenyewe, taratibu, macho yako ni mazima na mimi nalijua hilo. Nimeitia sahihi kwa majina yangu yote kama nilivyofanya kwenye ripoti, ili ukitaka kumpelekea tajiri awe na ushahidi. Akiuona, atakurudisha uwanjani kesho yake, na huku mimi nitafukuzwa.

Najua hutampelekea. Nilijua hivyo tangu nilipoandika "Mama yangu" pale juu, na ndiyo maana nikapata ujasiri wa kukwambia ukweli.

Ni mimi mwanao,
Lusungu