Samaki Ndani ya Kabureta

Sfax, mwanzo wa msimu wa joto

Kwako kaka yangu Anwar,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, pamoja na harufu ya mrehani wa Mama, ambayo ningeikunja ndani ya bahasha kama ingekunjika. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepona, na baridi ya Grenoble imeanza kukuonea huruma. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kutukaripia bado anayo. Mimi naendelea vizuri na masomo. Mwalimu wa fizikia amesema nikikaza mwendo ninaweza kuingia chuo cha mitambo, nami namwamini, kwa sababu si mtu wa kusifu ovyo.

Juzi kwenye simu uliuliza kwa nini Baba aliacha kwenda mkahawani kwa Haji Tijani, na Mama akakujibu kwamba ni magoti. Si magoti, kaka. Nimeona nikuandikie, maana simu ya nyumbani kila mtu anaisikia, na mambo haya nataka uyajue yote.

Unaikumbuka pikipiki ya Baba, ile kuukuu ya Kijapani yenye silinda mbili, iliyokuwa ikikupeleka shule ukiwa umekaa juu ya tangi. Kabla ya Ramadhani ya mwaka jana ilianza kusitasita, na Baba akaipeleka kwa fundi, ami Lamjed, rafiki yake wa tangu ujana, yule yule aliyekufundisha kuziba pancha, ili asafishe kabureta zake mbili. Ilirudi mbaya kuliko ilivyokwenda. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanywa petroli kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji. Baba alipokwenda kulalamika, Lamjed alimjibu mbele ya mkahawa mzima kwamba kabureta hazina kosa, kosa ni la mpandaji.

"Mongi," alimwambia, "wewe huendeshi pikipiki, ukishika mkono wa mafuta wewe unakamua zeituni."

Watu walicheka hadi wakaweka vikombe chini. Kuanzia siku hiyo jina la Baba likawa Mzee Moshi. Hata muuza mkate alimwita hivyo, tena kwa upole, kana kwamba ndilo jina alilopewa na bibi. Baba aliisukuma pikipiki hadi nyuma ya nyumba, akaifunika kwa wavu wa kuvunia zeituni, na naweza kusema alijifunika nao mwenyewe. Mkahawani hakukanyaga tena. Alikuwa akicheza domino peke yake jikoni, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na mara nyingi alishindwa na yote miwili.

Na kila jioni Lamjed alipita dirishani petu na pikipiki yake. Ni ya aina ile ile, na mtaani hakuna nyingine ila hizo mbili. Yake ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Nilikuwa nikiusikia mngurumo ule huku nafanya hesabu zangu, na kalamu inanielemea mkononi.

Likizo ya baridi ilipofika niliuvua ule wavu. Baba alisema niiache, nami nikamwambia kwamba nataka kujifunza, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siku ya kwanza alinitazama kutoka mlangoni. Siku ya pili alileta kiti, na baada ya hapo hakuweza tena kunyamaza. Alinifundisha kulegeza skrubu bila kuila kichwa. Alinifundisha kwamba tundu la jeti, kile kipande kidogo cha shaba kinachopima petroli, halichokolewi kwa waya, kwa sababu waya hulipanua. Unalipuliza, kisha unalitazama kuelekea juani mpaka uone mwanga ulio mviringo kamili. Vyuma vilivyoganda nilivichemsha kwa maji ya malimau katika sufuria ya kuskusi. Mama alipofunua kifuniko aliuliza kama mchana huo tunakula pikipiki.

Nilipofungua mabakuli ya kabureta, yale ambamo petroli hukaa chini ya boya, ndipo Baba alipoinuka kitini. Alinipokonya moja, akalifuta kwa kidole gumba, akaligeuza kwenye mwanga. Akachukua la pili. Akauliza, samaki wako wapi?

Unajua mwenyewe jinsi Baba anavyochora samaki wake wa kufukuza husuda juu ya kila kitu anachokimiliki au kukiunda: nyundo, randa, milango ya wateja, hata sanduku la domino alilomtengenezea Haji Tijani. Mkia umepinda juu na jicho ni tundu la ncha ya msumari. Jambo ambalo wewe na mimi hatukulijua ni kwamba siku aliyoinunua ile pikipiki alichora samaki ndani ya kila bakuli, chini kabisa, waogelee ndani ya petroli. Haya mabakuli yalikuwa matupu. Na jeti ya kushoto ilikuwa na tundu pana kuliko ya kulia, kama viatu vya watu wawili. Lamjed alikuwa amezichukua kabureta zetu nzima nzima kwa ajili ya pikipiki yake, akatufungia takataka za karakana, kisha akamcheka mwenye mali.

Nilitaka twende siku ile ile. Baba alikataa. Alisema mtoto wa Lamjed, Iskandar, anaoa baridi ikiisha, na harusi ya watu haitiwi mchanga. Alisema Mungu anaona. Nami nikajiambia moyoni kwamba kama Mungu anaona, basi hatakasirika na watu wa mkahawa nao wakiona. Nilisubiri, kaka. Nilikuwa sijui kwamba ninaweza kusubiri hivyo. Nilizisafisha zile kabureta mbovu hadi zikang'aa, na kila skrubu niliyokaza niliikaza kwa jina la Lamjed.

Siku ya harusi msafara ulijipanga mbele ya mkahawa, maana ndipo barabara ilipo pana. Iskandar alikuwa mbele, juu ya pikipiki ya baba yake iliyopambwa kwa utepe na yasmini, na nyuma yake gari la bibi harusi, Hayfa, yule aliyekuwa akisoma darasa moja mbele yangu. Iliwaka. Ikanguruma kidogo, ikakohoa, ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena. Magari yakaanza kupiga honi. Lamjed alikuja mbio, lakini alikuwa amevaa joho jeupe la hariri na hakuthubutu kupiga goti. Kutoka mezani mtu mmoja alimuuliza, kwa heshima zote, kama leo fundi anakamua zeituni.

Nikasogea na bisibisi. Nilimwambia, ami, niachie mimi, nimejifunza kwenye ile ya kwetu. Nadhani alitaka kukataa, lakini honi zilikuwa zimemjaa masikioni. Nililitoa bakuli la kushoto, nikamwaga upesi petroli yake mchangani, nikalifuta kwa utepe wa yasmini. Sikumpa yeye. Nilimpa Haji Tijani.

Lamjed alisema kila mtu wa Sfax anachora samaki. Haji Tijani aliliweka bakuli mezani. Aliingia ndani, akatoka na lile sanduku la domino, akaliweka mezani kando ya bakuli. Mkia ule ule. Jicho lile lile. Wanaume wote waliinama kutazama, na hapakuwa na aliyecheka.

Haji Tijani akamuuliza kwa nini, basi, kama aliziiba kabureta, hakumkwangua huyo samaki. Ingekuwa kazi ya dakika moja kwa msasa.

Uso wa Lamjed ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. "Haji," alisema, "nani ana moyo wa kumkwangua samaki? Nina watoto."

"Kumbe," Haji Tijani akasema. "Mungu hukumwogopa, ukamwogopa samaki."

Nilikunja bisibisi ndani ya leso nikaondoka. Bakuli sikulirudisha. Iskandar alishuka akaenda harusini kwa miguu, viatu vyake vipya vimejaa vumbi, na sasa mtaani Lamjed anaitwa Baba Samaki. Jina hilo sikulitunga mimi, lakini ningependa iwe ni mimi.

Siku iliyofuata, wakati kwao maharusi wanamruka samaki aliyelazwa chini, ile desturi yetu ya kuombea ndoa heri, Lamjed alikuja kwetu na kabureta zetu mbili ndani ya gazeti. Baba alizipokea mlangoni, akamrudishia zake zilizong'aa, na kahawa hakumkaribisha.

Sasa nakuomba usome haya peke yako. Pikipiki ile haikuzimika yenyewe. Asubuhi ya harusi Mama alinituma kwao na sinia la baklawa, na wanawake walipokuwa ndani wakionja na kupiga vigelegele, nilifungua kifuniko cha tangi nikamimina maji ya chupa yangu ya shule. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya bakuli, na hakuna njia ya kuyatoa ila kulifungua. Hilo nilifundishwa darasani. Niliingia kama mgeni, kaka, na sinia mkononi. Nikimkumbuka Hayfa ndani ya gari lile, wanja umemtiririka, moyo hunichoma. Nikimkumbuka Lamjed, hapana.

Mama hajui. Baba nilidhani hajui. Lakini alipolifungua bakuli la kulia, lile ambalo sikuligusa, matone ya maji yalikuwa bado yanabingirika juu ya samaki kama shanga. Aliyatazama. Akaitazama chupa yangu dirishani. Kisha akalimwaga bakuli ndani ya mtungi uliovunjika kando ya mlango, taratibu, lisibaki tone.

"Mvua ya mwaka huu," alisema, "imeingia kila mahali."

Nawe unajua kutoka kwa Mama jinsi alivyolilia mizeituni: hapa haijanyesha tangu vuli. Baba alinawa mikono, akavaa kofia yake, akauliza kama kuna mtu ameona zile domino zake, akatoka. Magoti yake yalimchukua vizuri tu hadi kwa Haji Tijani.

Ukija kiangazi utaikuta pikipiki inanguruma. Nimezifunga kabureta zote mbili kwa mkono wangu, na Baba alikuwa ananishikia taa tu. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Baba anakusalimu pia, na amesema nikuandikie kwamba hapa hali ya hewa ni njema.

Nakutakia afya na usingizi mwema huko uliko.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Sundus