Wifi na Sindano ya Kalsiamu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeingia zamu saa moja asubuhi, kitanda cha nne — wifi yangu! Nimonia. Mashine ndiyo inampumulia. Kaka yuko kwenye benchi nje, vifungo vya shati vimepishana. Mimi na wifi hatusalimiani mwaka wa pili huu, kwa neno nililomtupia msibani kwa mama. Matroni kaniuliza kama anibadilishie mgonjwa. Nikasema hapana. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Machi
Presha inashuka. Daktari kampima moyo kwa picha: unasukuma damu kivivu. Nimemfuta uso, nikamsuka nywele mistari miwili zisimsumbue. Nikamwomba radhi, kwa kunong'ona. Mwoga mimi! Mtu kalazwa kwa dawa ya usingizi, atanijibu nini?

Jumatano, 5 Machi
Majibu ya damu: kalsiamu iko chini mno. Daktari kaagiza apewe ya mshipani. Kaka kashangaa — si dawa ya mifupa hiyo? Nikamweleza: moyo nao ni msuli, bila kalsiamu haukazi sawasawa. Akauliza: sasa atapona? Daktari hakumficha: wengine inawasaidia, wengine wala, na ikizidi inadhuru.
Nimeisukuma mwenyewe, polepole, dakika kumi, macho kwenye skrini. Namba ya juu ya presha: 82... 88... 101! Kaka kaniangukia begani, analia. Daktari: tusishangilie mapema, huenda ni mishipa ya damu tu imekaza, si moyo uliopata nguvu.

Alhamisi, 6 Machi
Presha imeshuka tena. Kalsiamu mara ya pili.

Ijumaa, 7 Machi
Picha ya moyo leo — afadhali kidogo. Ni kalsiamu? Ni dawa za nimonia? Daktari mwenyewe anasema hawezi kuapa. Mchana wamempunguzia dawa ya usingizi, wakamwacha ajaribu kuvuta pumzi mwenyewe, mpira wa mashine ungali kooni. Zamu yangu ikaisha katikati ya jaribio. Nikatoka mbio kama mwizi. Akifumbua macho nimtazameje?
Niko chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni. Ujumbe wa kaka: amefumbua. Presha inayumba, huenda wakamrudisha kupumuliwa na mashine. Kaomba kalamu kwa ishara. Kaandika maneno mawili, yamepinda — "Wifi yuko?"
Navaa tena sare. Vifungo vimepishana, naviacha hivyo hivyo, narudi kitanda cha nne —