Mashine Uliyoifundisha Salamu

Opio, rafiki yangu,

Nimechoka. Nakuandikia kwa sababu watu wa kubishana nao wamekwisha. Wengine wamevuka mpaka, waliobaki wananong'ona, na wewe tulikuzika baada ya mkeo kukutambua kwa viatu vyako katika chumba cha maiti cha hospitali ya Mulago.

Kazi yako nimepewa mimi. Gazeti letu limefungwa, na kati ya waliobaki ni mimi tu uliyekuwa umenionyesha undani wa kompyuta ya ofisi yako ya serikali. Unakumbuka nilivyoikejeli? Nilisema huyu ni mungu mwingine wa kizungu, anataka aabudiwe kwa namba. Ukacheka. "Namba nimeziondoa, mzee. Sema naye kama mtu."

Kweli ulikuwa umeandika programu ya kukaa kati yetu na mashine, ili tuiagize kwa Kiswahili badala ya namba. Somo la kwanza lilikuwa neno SAIDIA. Nikaliandika, nayo ikachapa karatasini maneno yote inayoyajua. Halafu ukanionyesha kwamba herufi mbili zinatosha: nabonyeza kitufe, inamalizia neno yenyewe. Nilipokosea iliniita bwana kwa Kiganda: "Pole ssebo. Labda ulitaka ONYESHA?" Hakuna ofisi nyingine ya serikali iliyowahi kunipa pole.

Nakato, mpiga taipu wetu, alikuwa na tatizo lake. Kila asubuhi aliandika kwanza "Umeamkaje", maana kwao humtumi mtu kabla hujamsalimu, na mashine ikaona ni kosa. Sisi tulimcheka. Wewe ulishinda pale siku nzima ukiifundisha kuitikia, na hata kumkumbusha asiyesalimu.

Sasa mkurugenzi ni kapteni. Juzi aliketi, akaandika amri yake bila salamu, tena akaikosea. Mashine ikamjibu: "Pole ssebo. Umeamkaje? Labda ulitaka JUMLISHA?"

Alidhani inamdhihaki. Akaniambia niutoe huo upuuzi, turudi kwenye namba. Nakato hajui namba zile. Zikirudi, kazi hana. Na chako wewe kilichobaki duniani, ukiacha watoto, ni hicho.

Kukitoa ni amri moja fupi. Ulinionyesha mwenyewe. Opio, maisha yangu yote nimefoka magazetini juu ya kila jambo, hata nisilolijua. Hotuba nilikuwa nayo tayari. Nikaangalia viatu vyake, nikakumbuka vyako.

"Afande," nikasema, "mimi sijui kuutoa. Aliyejua amekufa."

Alinitazama sana. "Na wanasema wewe msomi," akasema, akatoka.

Nakato alikuwa amesikia. Aliniletea chai, na ilikuwa na sukari. Sukari, Opio, siku hizi.

Sijui tutadumu hadi lini. Huenda ataleta fundi kutoka nje. Lakini mimi, maadamu nimekaa kwenye kiti chako, amri ile nimeisahau, na nitaendelea kuisahau.

Pumzika, ndugu yangu. Kesho nikifika nitaisalimu kwanza, kabla sijaituma. Itaitikia, nami nitajua ni nani aliyeifunza.