Mama Mkwe na Mchezo wa Nimekoma

Mpendwa Mama Mkwe,

Shikamoo. Najua kama ungekuwa hai, barua hii ungempa mtu akusomee, kisha umuulize yeye mkweo amesema nini, kisha umjibu yeye, na mimi nimekaa hapo hapo mlangoni nikitazama ukuta. Ndivyo tulivyoheshimiana. Sasa umetutangulia, umelala kwenu Ganda, na sina tena wa kumpitishia maneno. Nakuja moja kwa moja. Ukiona ni utovu wa adabu, nitoze faini siku tukikutana.

Nataka tukumbuke ule mwaka uliokuja kwetu Muyeye, hapa Malindi, wakati shule zikigawa maziwa na kila uchochoro umejaa zile pakiti za pembe tatu. Kadzo, binti yako, alikuwa amenizalia Mwende, na wewe ukaja kumlea mzazi mpaka arobaini itoke. Mimi nilikuwa seremala kule mashamba ya chumvi ya Marereni. Wiki mbili kabla ya mtoto kuzaliwa ikapiga mvua isiyo na haya, mabwawa ya chumvi yakawa maji matupu, na sisi mafundi tukaambiwa twende nyumbani tukapumzike. Nilipumzika mpaka nikachoka.

Nyumba unaikumbuka: vyumba viwili, na makuti yanayovuja pembeni. Kimoja chenu watatu, kingine changu mimi na randa yangu. Kwetu Ukambani mtu akikutana na mama mkwe njiani huingia kichakani, hata kichaka kiwe na miiba. Kwenu Ugiriama nako ni yale yale: hamtazamani machoni, hampeani mikono, hamcheki pamoja. Lakini Muyeye haina vichaka. Basi wewe ukitaka kwenda uani unakohoa, nami nikisikia kikohozi nageukia ukutani. Na vile ulivyokuwa mpenzi wa chai, safari za uani hazikuisha. Majirani wakasadiki unaumwa kifua, wakakuletea tangawizi.

Maneno yote yakawa yanapitia kwa mtoto. "Mwende, mwambie baba'ko chai ipo." "Mwende, mwambie baba'ko suruali yake imechanika nyuma." Mtoto ana siku tano duniani, shingo yenyewe haijakaza, tayari ni karani wa nyumba!

Wiki ile ile alikuja Karisa, mwanao mkubwa. Hakuketi. Alisimama mlangoni na ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, akasema: "Arobaini ikitoka na huyu bado hana kazi, dada yangu na mtoto nawachukua Ganda. Yeye atawafuata akipata cha kuwalisha." Kadzo alilia mpaka maziwa yakapungua. Mimi nilichukua randa nikaanza kuipangusa. Wewe hukumpinga. Nikajua umekubaliana naye, na nikakuchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Kumbe wewe akili yako ilikuwa kwa watoto wa mtaa. Walikuwa wanapiga kelele chini ya dirisha, Mwende halali. Siku moja ukachukua kipande cha kifuu, ukakitoboa matundu mawili, ukapitisha uzi, ukakizungusha na kukivuta: vuuum, vuuum. Watoto wakanyamaza kama wamemwagiwa maji. Ukampa mmoja. Kesho yake walikuwa ishirini mlangoni: "Hawe, na mimi! Hawe, na mimi!" Ulikuwa bibi wa Muyeye nzima. Ndipo ukamwinamia mtoto ukasema, kwa sauti ya kunifikia mimi chumba cha pili: "Mwende, mwambie baba'ko yeye ana msumeno, mimi nina vifuu, na hao watoto wana wazazi."

Biashara yetu ilianzishwa hivyo. Hakuna aliyetia sahihi, na mkurugenzi alikuwa amejikojolea.

Mwanzo wetu, mama mkwe, ulikuwa aibu tupu. Nilitengeneza gari la mti la kuvuta kwa kamba, gurudumu moja likawa kubwa kuliko wenzake, gari likawa halijui kwenda mbele, linazunguka tu. Ukalitazama mlangoni. "Mwende, muulize baba'ko hili ni gari au ni ngamia wa shinikizo, wa kuzungukia kinu cha mafuta?" Nikatengeneza ndege wa kupiga mabawa. Alipiga mabawa mara tatu, kichwa kikaruka kikaingia kwenye uji wa jirani. Tulirudishiwa ndege, kichwa, na matusi. Vifuu vyako viliuzwa, sikatai, lakini mtoto mwenye akili akishaona kimoja anakwenda kujitengenezea mwenyewe. Siku zilikuwa zinakwenda. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Nilikuwa nazihesabu kwa chaki nyuma ya mlango.

Mchezo wa kasa ulikuwa wako, na niseme hivyo kwa kuwa miaka mingi niliwaambia watu ni wangu. Ulimweleza Mwende, nikasikia ukutani: ubao wenye matundu kama njia ya mchangani, kasa wanne wa mti kila upande, wanatoka shimoni walikoanguliwa wanakimbilia baharini. Unarusha kete nne, zile kauri za pwani zenye mdomo. Midomo iliyofunuka juu ndiyo hatua zako. Zikifumba zote, umepoteza zamu. Ukimkuta kasa wa mwenzio kwenye tundu unamla, anarudi shimoni. Na mwenye kuliwa lazima aseme kwa sauti, mara tatu, "Nimekoma." Atakayewafikisha wote majini kwanza ndiye mshindi.

Nilichonga siku mbili. Sasa ikaja shida: mchezo haujaribiwi na mtu mmoja. Kadzo akiketi kucheza anasinzia kabla ya kasa wake wa kwanza kutoka shimoni. Nani amebaki? Mkwe na mkwe! Ukatundika leso katikati ya mlango, ubao ukaingizwa chini yake, nusu kwako, nusu kwangu. Nilikuwa naona mkono wako tu, na kila mtu anarusha kete upande wake na kutaja mwenyewe alichopata.

Nikwambie kitu? Ulikuwa unapata nne mara nyingi mno. Nne, halafu nne, halafu tatu, halafu nne! Hakuna kete za namna hiyo duniani. Lakini mkwe hahojiwi. Nilikoma, nilikoma, nilikoma, mpaka sauti ikakauka. Siku niliyokula kasa wako mara ya kwanza, mkono wako ukarudi nyuma ya leso. Nikaogopa, nikadhani nimekukosea. Halafu nikasikia, polepole: "Mwende, mwambie baba'ko nimekoma." Na leso ikaanza kutikisika. Ulikuwa unacheka, mama mkwe. Nami nikacheka upande wangu nimejiziba mdomo kwa shati, na Kadzo akaamka akatuuliza tuna wazimu gani.

Tukatengeneza mbao kumi na moja. Siku ya thelathini na tisa tukaenda sokoni, wewe mbele, mimi nyuma hatua hamsini, gunia mgongoni. Mpaka saa nne hakuna aliyenunua, kwa kuwa hakuna aliyejua ni kitu gani. Mmoja aliuliza kama ni cha kuanikia dagaa. Ikabidi tucheze wenyewe watu waone. Tukatundika leso kwenye miti miwili ya kibanda. Lakini karani wetu alikuwa nyumbani ananyonya, arobaini haijatoka. Ukatazama huku na huku, ukaona boga kwenye meza ya muuza mboga wa jirani. "Ewe boga," ukasema, "mwambie baba Mwende aanze yeye."

Sasa wewe fikiria mpita njia anaona nini. Mama mtu mzima kajificha nyuma ya leso, anarusha kete, anazungumza na boga. Salaala! Kufumba na kufumbua watu wakawa wamepanga foleni. Mama mmoja akapiga magoti kabisa: "Hawe, mume wangu yuko Marereni mwezi wa nne huu, nitazamie, ana mtu?" Ukakasirika. "Boga, mwambie huyu mama mimi si mganga, hapa pana kasa tu." Yule mama akageuka akawaambia wenzake, ameona kasa, mambo ni mazito. Muuza mboga naye akapandisha bei ya boga.

Katikati ya vurumai hiyo nikala kasa wako. Na wewe, kwa heshima ya sheria yako mwenyewe, ukapaza sauti: "Nimekoma! Nimekoma! Nimekoma!" Karisa alikuwa ndiyo kwanza anaingia sokoni. Amekuja siku moja mapema, amepitia nyumbani, Kadzo amemwambia ulipo. Akasikia sauti ya mamake inakoma. Alipasua watu kwa viwiko, fimbo juu, anauliza nani anampiga mamake.

Hakuna anayekupiga. Kuna mkweo ana kasa wako mkononi.

"Hii ndiyo kazi?" akanifokea mbele ya soko zima. "Mchezo wa watoto? Na mamangu unamtia aibu hadharani? Hata hicho unachokichonga, mama anakushinda, anasema Kadzo. Mshinde basi! Mshinde mara moja nikuone una akili ya kumlisha dada yangu. Ukishindwa, kesho nawachukua."

Alisema kwa hasira, nadhani hakuwa na nia hasa. Lakini watu walishasikia. "Umesema mwenyewe!" wakamwambia. "Tumekusikia, bwana, usiruke!" Na soko likasogea, na muuza mboga akapanda juu ya meza yake.

Ndipo ukafanya lile ambalo mpaka leo wazee wa Ganda hulisimulia wakitikisa vichwa. Ukasimama, ukaifungua leso kwenye miti, ukajitanda mabegani, ukaketi tena. Uso kwa uso na mkweo, mchana kweupe. "Karisa, sogea," ukasema. "Unanizibia mwanga." Nilikuwa sijawahi kuuona uso wako karibu. Ulikuwa na macho ya Kadzo. Kete zikawa zinaniponyoka kabla sijazirusha.

Nilicheza vibaya sana. Tukafika mwisho, kila mtu kasa wake watatu wako majini, kabaki mmoja mmoja. Wako yuko hatua moja kutoka baharini. Wangu yuko hatua tatu. Zamu yako. Hata mdomo mmoja tu ufunuke, nimekwisha, Kadzo na Mwende wamekwenda. Ukarusha.

Watu waliona kiganja chako kimekwishafagia kete. "Zote zimefumba," ukasema, umenuna. Nikarusha mimi: moja. Ukarusha wewe, ukafagia: "Zimefumba tena, ho!" Watu wakakusikitikia. Nikarusha: hamna kitu! Ndipo ukaniinulia macho, ukanikazia, ukaniambia maneno ya kwanza uliyopata kuniambia mimi mwenyewe, bila mtoto wala boga: "Rusha vizuri basi, wewe!" Ukarusha, ukafagia, zimefumba. Nikarusha. Mbili.

Soko lilivyolipuka, mboga zilimwagika. Mbao kumi na moja zikaisha kabla ya adhuhuri, na Karisa mwenyewe akaondoka na moja, akisema ni ya watoto. Hana watoto wa umri ule, Karisa. Wazee walitutoza mbuzi kwa ajili ya ile leso uliyoifungua, na nyama yenyewe ulikula wewe zaidi. Kadzo na Mwende wakabaki Muyeye. Tukauza mchezo wa Nimekoma mpaka Kilifi, tukauza mahotelini na mashuleni, mpaka ilipokuja plastiki ikatufuta taratibu.

Nilikuuliza mara moja tu. Ulikuwa umeshalala kitandani Ganda, ule mwaka wa mwisho, na Mwende yuko darasa la sita. Nikasimama nje ya dirisha. "Mwende, muulize bibi yako siku ile sokoni aliniachia?" Aka! Ulivyofoka, mgonjwa wewe! "Mwambie baba'ko mimi tangu nizaliwe sijamwachia mtu! Kete zilifumba, basi!" Ukamfukuza mtoto chumbani. Mimi nikarudi Malindi na swali langu.

Swali lenyewe sikuwa nalo, mama mkwe. Nilitaka kukushukuru na sikujua namna, maana ningekushukuru ungelazimika kukubali kwamba ulishindwa kwa kupenda, na wewe kushindwa hukukupenda hata kidogo. Kadzo yuko hapa karibu ananichambulia mchele, ana mvi, anauliza nalia nini mtu mzima. Mwende ana watoto watatu. Nyumba hii yote imekaa juu ya kiganja chako.

Pale sokoni leso haikuwepo tena, na mimi nilikuwa nimeinama karibu kuliko wote. Mara ya kwanza ilifunuka moja. Mara ya pili, mbili. Mara ya tatu, mama, zilifunuka zote nne.

Mkweo,
Baba Mwende