Baiskeli ya Baba Haiji Huko

Nyumba ya Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 417.
9 Machi.

Mpendwa Kaka Mhandisi,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua sasa umetulia. Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini yakishapata joto anatembea kunishinda. Mimi macho yameanza kuchoka kwa zile skrubu za saa, ndogo kama mbegu za mchicha, ila kibanda cha baba hakijafungwa hata siku moja.

Barua yako ilifika Jumanne ya wiki iliyopita, pamoja na ule ukurasa wa jarida la chama chenu cha wapenzi wa baiskeli kuukuu za Kifaransa. Nilimsomea mama mstari kwa mstari, na picha yako nikamsogezea dirishani aione vizuri. Umependeza, kofia imekukaa. Mama alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilifurahi kwa kuwa yeye amefurahi, si kwa sababu nyingine.

Maana nilisoma pia pale ulipoandika kwamba baba alikufundisha kila kitu cha baiskeli hizo, mkiwa wawili kwenye meza yake ya kazi. Kaka, meza ile unaijua ilivyo ndogo. Alikaa baba, na ubavuni mwake nilikaa mimi. Wewe ulikuwa nje na mpira wako. Sikulaumu kwa mpira, kila mtoto na mchezo wake, lakini usiniondoe kwenye kiti nilichokalia miaka kumi na minne. Tena ukaniandika kuwa "dada mdogo aliyekuwa akituletea chai". Chai ya nani, na mimi hata leo siijui sukari yake baba ilikuwa vijiko vingapi? Hiyo ilikuwa kazi ya mama.

Hata hivyo, umeisifu vizuri, sikunyimi haki yako. Ni kweli hakuna baiskeli kama ile. Tangu yule mpimaji barabara Mfaransa alipomwachia baba, siku alipokuwa anarudi kwao, kama shukrani ya kumfufulia saa ya marehemu baba yake ambayo mafundi watatu walikuwa wameikataa, sijaona chuma kilichochorwa kwa upendo namna ile. Fremu nyembamba, nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja. Rangi ya buluu iliyopauka, na kwenye maungio ule mstari mwekundu mwembamba ambao mtu fulani aliuchora kwa mkono, bila rula. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Vile vijiti viwili vya gia hukaa kwenye fremu, mpaka uiname kuvishika, na baba alikuwa akisema Mfaransa anataka umwinamie kidogo kabla hajakupa mwendo. Hilo kwenye ukurasa wako halimo, kwa sababu hukuwepo aliposema.

Sasa unataka niifungue vipande vipande, niifunge kwenye boksi na kuituma huko, kwa kuwa wewe ndiye mwana wa kiume na ndiye unayeielewa. Tena unasema mimi ni mtu mzima sasa, haipendezi nionekane juu ya baiskeli. Umechelewa, kaka. Mtaa mzima unaniona juu yake kila asubuhi nikienda kazini, na wamenibatiza Bibi Gia. Muuza magazeti hunipigia saluti. Wa kuona haya si mimi.

Kabla sijakujibu, acha nikukumbushe. Ulikuja wiki mbili baada ya mazishi ya baba. Ukasikia mlio penye ekseli ya pedeli, ukasema gololi zimekauka grisi, unaifungua leo hii. Mlio ulikuwepo, sikatai. Nilikwambia hii si sawa na hizi nyingine tulizozizoea. Hizo nyingine, kile kikombe cha chuma kinachoshika gololi upande wa mnyororo hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Cha Mfaransa hufunguliwa kushoto, kama kifuniko cha chupa. Ukanijibu, "Wewe shika fremu, mambo ya spana niachie mimi." Nikakwambia basi tuifute kwanza. Unaijua sheria ya baba, alikuwa nayo kwa saa na kwa kila kitu: futa kabla hujafungua. Ukacheka, ukasema unataka kuitengeneza, si kuiogesha.

Nikashika fremu. Ukazungusha kulia, kikagoma. Ukasema ni kutu. Ukaleta kipande cha bomba la maji, ukakichomeka kwenye mpini wa spana upate nguvu, kisha ukakilalia kwa uzito wako wote. Ule mlio, kaka, mimi bado nausikia nikiwa kibandani na saa zote zinagonga. Hesi zote za ndani, ile mistari ya skrubu inayoshika kikombe, zikasagika, fremu ikapata ufa. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mambo yalipinduka: mimi si mkuu, na guu lililovunjika halikuwa lako.

Ulisimama ukajifuta mikono kwenye pazia la mama, ukasema, "Ni chuma chakavu tu, kitupeni." Siku ya pili ukapanda ndege. Miaka mitatu baadaye chuma chakavu kimegeuka "lulu ya familia yetu" kwenye jarida. Nilicheka peke yangu, na halikuwa cheko zuri.

Niliipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma, yule mzee mwenye kidole kimoja pungufu. Alinitazama kama nimemletea mgonjwa aliyepigwa na ndugu zake. Ilimchukua wiki saba. Aliziba ufa kwa shaba, akachonga hesi mpya, pana kuliko za zamani, tukatafuta vikombe vingine vya kuingia humo. Kwa hiyo ujue mapema kwamba wenzako wa chama wakiichungulia watasema si halisi tena, na watakuwa wamesema kweli. Lakini inakwenda. Inakwenda kimya, kama ilivyokuwa ikienda na baba.

Mama anasema nikutumie tu, yaishe. Anasema undugu ni bora kuliko baiskeli. Ananiambia hivyo kila siku tukikaa kula, na mimi namjibu "ndiyo mama" halafu naondoa vyombo. Wiki iliyopita nilifika hadi kuomba boksi dukani. Liko hapa nyuma ya mlango, tupu. Nililitazama siku nne, ndipo nikakaa kukuandikia.

Kwa sababu kuna jambo sijakwambia, na limenilemea. Mwaka wake wa mwisho, baba aliipindua baiskeli juu chini, akachukua kile kisu chake cha kuchongea majina nyuma ya saa, akachora mshale mdogo chini ya fremu, palepale penye kikombe. Mshale unaelekea kushoto. Nikamuuliza wa nini, mbona mimi na yeye tunajua? Akasema, "Si wako. Ni wa kaka yako. Yule ukimwambia hasikii, labda akijionea." Alichukua mchana mzima kuuchora, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka.

Siku ile ulipokuwa unalilalia lile bomba, mshale ulikuwa chini ya mkono wako, umefunikwa na tope na grisi. Ungefuta mara moja tu ungeuona. Na mimi ningeweza kusema. Neno moja lilitosha: kaka, pindua, baba amekuachia kitu. Sikusema. Ulikuwa umeniambia nishike fremu, nikasema moyoni, haya, nashika. Nilitaka ukosee mbele yangu mara moja tu maishani. Sikujua kosa lenyewe lingetosha kuipasua. Kwa hiyo nina hasira nawe, na nina hasira na nafsi yangu, na sijui ipi nzito zaidi.

Mshale haukuguswa na ule ufa. Nilimwomba fundi asipake rangi hapo.

Basi jibu langu ni hili: baiskeli haiji huko. Siiweki kwenye boksi, hata mama akinuna. Ukiitaka, njoo mwenyewe. Ndani ya bahasha utakuta kile kitambaa cha baba cha kufutia saa, kile cha kijivu chenye pindo la uzi wa buluu. Sijakifua. Tangu jana sijaifuta sehemu ile ya chini, na sitaifuta mpaka ufike. Utaipindua mwenyewe, utaifuta mwenyewe, na utasoma ulichoandikiwa. Ukishasoma ndipo tutazungumza ikae kwa nani. Huenda hata nikakupa.

Msalimie sana wifi, mwambie vitambaa vya meza vilifika na mama amevificha kwa ajili ya wageni ambao hawaji. Wabusu watoto, hasa yule mkubwa anayefungua redio vipande vipande kama wewe. Mwambie shangazi yake anasema azifunge pia. Mjomba anakusalimu, na fundi wa vyuma anakusalimu ingawa hakujui, alisema tu nimfikishie salamu mwenye nguvu nyingi.

Mungu akulinde barabarani na akulegeze shingo.

Mimi dada yako, niliyeishika fremu, nikupendaye hata kwa hasira,

Bibi Gia.