Mama Yumo Edani Kando ya Antena Tatu

Mpendwa mshauri Bibi Mwamvua, shikamoo. Naomba msaada, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha.

Mimi ni fundi wa mitambo ya redio hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani, shirika la umma nililofanyia kazi lilipobinafsishwa mwaka juzi tulipunguzwa watu sitini, nikakaa miezi kumi na moja nakaanga mihogo na mke wangu, hata Mungu akanijaalia kazi kwenye kampuni ya mtu binafsi yenye redio za malori na boti, walikuwa wanatafuta nyumba ya ghorofa ya kusimika antena, nami kwa furaha nikawapeleka kwa baba yangu mzee Bakar, akawapa chumba cha chini wafanye ofisi, na juu ya paa wakasimika antena ya malori, kisha ya boti, na mwaka huu wa tisini na nane wakaongeza ya tatu, ya simu mpya.

Kazi yangu mojawapo ni kupima mawimbi karibu na kila antena, kwa kuwa kuna kiwango ambacho mawimbi yakikivuka mtu hatakiwi kukaa hapo muda mrefu, na fomu ya kampuni ina nafasi ya antena moja moja, basi nazima mbili napima moja, naandika salama, nazima hiyo nawasha nyingine, naandika salama, nikatia sahihi zote tatu, na kila moja kweli ilikuwa chini ya kiwango, wallahi sikuandika uongo.

Baba akafariki mwezi wa Rajabu, mama akaingia edani, miezi minne na siku kumi, na kule chini wanaume wa ofisini wanaingia na kutoka, nikaona nimsitiri, mimi na dada yangu Zuwena tukampandishia kitanda chumba cha juu kabisa, kilichojengwa pale paani, ambacho ukinyoosha mkono dirishani unaigusa antena ya tatu, na hapo dirishani ndipo anapokaa kutwa na tasbihi yake kwa sababu pana upepo. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea uji nikiwa na mita mkononi, antena zote zinarusha, sindano ikapanda, nikadhani mita mbovu, nikapima tena, Bibi Mwamvua, kila moja peke yake salama, zote tatu kwa pamoja zimevuka kiwango cha mahali pa kukaa watu karibu mara mbili. Mama akaniuliza, “Nini hicho, mwanangu?” Nikamjibu, “Kipima joto tu, mama.” Akacheka, mara ya kwanza tangu azikwe baba, akasema, “Kama ni joto, hapa ndipo penye nafuu, Mungu akuzidishie kwa kunisitiri.”

Nilimgusia bosi wetu, Bwana Ernesti, akasema fomu zina sahihi yangu na nikithubutu kuzima mtambo kazi sina, na mama siwezi kumhamisha edani, watu watasema nini, na sasa anaumwa kichwa, mwenyewe anasema ni kilio, nami sijui, kila nikipanda na uji nashindwa kumtazama usoni. Nifanye nini?

Tahiri, Ngamiani

*

Tahiri mwanangu, marahaba, na Mungu amrehemu mzee wako. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa nakukasirikia.

Hukuandika uongo, unasema. Mpishi akionja chumvi peke yake, ndimu peke yake na pilipili peke yake, atasema kila kimoja hakikuzidi. Anayekula mchuzi ni mama yako. Wewe ulijua kwamba zile antena hazipokezani zamu, ila fomu haikukuuliza, nawe ukashukuru kwamba haikukuuliza.

Na eda usiifanye kichaka cha kujifichia! Nilimuuliza sheikh wa mtaani kwetu kabla sijashika kalamu, akashangaa. Eda inamweka mjane nyumbani, haimfungi kwenye chumba chenye madhara, na ikibidi hata nyumba anahama. Wanaume wa chini? Hao ni wapangaji, baba wee! Wapishe wao, au mtundike pazia, mama ashuke na Zuwena wake. Hao watu unaowaogopa watasema siku tatu, watachoka.

Kichwa kinachomuuma sijui kama ni mawimbi au ni machozi. Wewe hujui, na wa barazani hawajui pia. Mpeleke kwa daktari, mgonjwa hakatazwi kwa ajili ya eda, na daktari aambiwe habari ya antena bila kufichwa.

Kuhusu mtambo, unaujua kuliko mimi. Fundi mmoja mstaafu ameniambia nguvu hupunguzwa, au antena zikapokezana, au ile ya tatu ikapandishwa mlingoti mrefu mbali na dirisha. Kisha pima zote zikirusha kwa pamoja, pale pale dirishani anapokaa mama yako. Andika fomu mpya, useme zile za zamani hazitoshi, nakala kwa Ernesti na nakala serikalini kwa wasimamizi wa mawimbi. Kazi inaweza kwenda, sikudanganyi. Karai la mihogo mkeo bado analo.

Mama mwambie mwenyewe kwamba kile hakikuwa kipima joto. Atalia, na utakaa hapo hapo mpaka amalize.

Hukuniandikia namba ya nyumba, ningekuja kwa miguu. Barua yako ina muhuri wa posta wa tarehe tatu, mimi nimeipata tarehe kumi na moja, na gazeti hili linatoka tarehe kumi na tisa. Siku zote hizo wewe ndiwe mwenye mkono wa kuzima, na mama yuko dirishani anakuombea dua. Kama unasoma hapa na antena bado zinarusha, weka gazeti chini, mwanangu, panda ngazi.